Jina Lililotupwa Juu ya Ukuta

Nilimdhania Mwaba kuwa tapeli, na sikuishia kudhania: nilitamka hivyo kwa kinywa changu, mbele ya mtu ambaye neno langu lilikuwa na uzito kwake. Naanza hapa kwa sababu hasira ninayoiandika haitakuwa ya haki nisipojihesabu miongoni mwa wanaoistahili.

Faustin Mwaba ni jirani yangu wa mtaa wa Kampemba. Baba yake alikuwa fundi wa reli. Yeye alitumikia farasi wa klabu moja kwa miaka ishirini na sita, hadi farasi walipopungua na watumishi wakapunguzwa pamoja nao. Huko aliwahi kukabidhiwa farasi mmoja wa kimo kifupi, aliyemuuma kila mtu aliyemkaribia na hatamu. Baada ya majuma mengi Mwaba alitambua kwamba mnyama yule hakuikataa hatamu, aliukataa mkono ulioishika. Tangu siku hiyo hakumpiga mnyama tena. Sasa huwafunza mbwa walioshindikana. Mtaani wanamcheka, wanamwita "docteur ya imbwa", na wale wale wanaomcheka humjia kwa siri kumwomba dawa wanayoamini anaificha mfukoni. Mfukoni mwake mna kapenta, wale samaki wadogo wakavu, basi.

Mimi ndiye niliyempeleka Golf, mtaa wa matajiri, kwa Stéphane, kaka wa mke wangu.

Stéphane alikuwa na mbwa aitwaye Batachoka. Asiye wa kwetu ajue kwamba mbwa wa hapa mara nyingi hubeba jina ambalo si lake. Jina ni ujumbe kwa jirani. Mwenye mbwa huliita kwa sauti, na anayehusika husikia bila kuwa na la kujibu, kwani aliyeitwa ni mbwa tu. Jina Batachoka lilimlenga mama Ngalula, mjane wa upande wa pili wa ukuta, aliyethubutu kulalamika kwamba ukuta huo ulimega uwanja wake. Watachoka, yaani yeye na malalamiko yake. Kila asubuhi Stéphane alilitupa jina hilo juu ya ukuta. Na ili mbwa awe mkali, bukari yake, yaani ugali, ilitiwa pilipili, na mlinzi, Pierre, aliamriwa kumchapa kwa mpira wa maji kila jina lilipoitwa. Miaka mitatu. Kisha watu wakashangaa kwamba siku ya ubatizo wa mtoto, Stéphane alipoliita jina hilo mbele ya wageni ili wacheke, mbwa alimrukia na kumuuma mkono.

Hukumu ilitoka siku hiyo hiyo: siku kumi. Asipobadilika, ataletwa mtu mwenye bunduki.

Siku tatu za kwanza Mwaba aliketi. Alipindua beseni karibu na tundu la kutolea maji chini ya ukuta, akampa mbwa mgongo, akatulia. Mara moja moja alipiga ulimi, ta, kisha akarusha kapenta nyuma ya bega bila kutazama. Mbwa alipopiga miayo au kujilamba midomo, dalili za hofu kwa mbwa, Mwaba alinyanyuka na kwenda zake. Nilikuja kila jioni, nikaona mgongo ule ule.

"Prof," Stéphane aliniambia siku ya tatu, "ule muzee wako anafanya nini kwangu? Iko anakula kapenta na kuangaria ukuta. Hata mi naweza kufanya ile kazi."

Ningeweza kusema kwamba sijui. Nina shahada mbili, na neno "sijui" ndilo nililopaswa kujifunza kwanza. Nikasema, "Labda tumedanganywa, shemeji."

Kwa neno hilo siku kumi zikawa tano.

Mwaba hakulalamika. Siku ya nne alivua kofia, akamfuata Stéphane barazani.

"Patron, ile imbwa haina mubaya. Jina njo inamuchoma. Kila wakati anaisikia, fimbo iko nyuma. Tumupatie jina ingine."

"Jina gani?"

"Kalume."

Stéphane alicheka. "Ule mama atasema amenishinda. Jirani wote wataniuliza, Batachoka iko wapi? Njo nitajibu nini, muzee? Kama nilichoka mi?"

"Bon, imbwa anakufa sababu ya ukuta?"

"Ni imbwa yangu. Na ukuta ni yangu."

Nilikuwepo. Nilitazama viatu vyangu. Hata leo, nikilikumbuka jibu lile, damu hunichemka, kisha hupoa upesi, maana nakumbuka na viatu.

Mwaba alirudi kwenye beseni lake, na safari hii nilimfuata. Alimgeukia mbwa ubavu, akasema kwa sauti ndogo, "Kalume." Sikuwa tayari kwa nilichokiona. Masikio ya mbwa yalisimama papo hapo, naye akaja hadi mwisho wa mnyororo, akachukua samaki katika kiganja cha Mwaba kwa ncha ya midomo, kama mtu anayepokea komunyo. Mbwa aliyesikia jina hilo kwa mara ya kwanza, kwa nilivyojua. Nikadhani ni dawa, mimi pia.

Jumapili, siku ya tano, baada ya misa tuliitwa kushuhudia. Mwaba alifungua mnyororo, akasema "Kalume", na mbwa akaja, akaketi, akakubali kushikwa masikio na miguu. Pierre alijipiga ishara ya msalaba. Ilipaswa kutosha. Lakini Stéphane alichukua ule mpira wa maji, akasimama karibu na ukuta, akapaza sauti ili upande wa pili usikie, "Batachoka."

Mbwa hakuuma. Alilala chini, akajikojolea, akaonyesha meno huku akitetemeka mwili mzima.

"Sasa amekuwa kuku," Stéphane alisema. "Mulinzi ya namna gani hii. Mutoe mbele yangu, muzee, kabla mi sijaita ule mwenye bunduki."

Mwaba alimfunga kamba ya kitambaa, wakatoka kwa mguu hadi Kampemba. Juma lililofuata Stéphane alinunua mtoto wa mbwa. Alimwita Batachoka. Pierre angali na ule mpira, na mimi bado hualikwa pale, bado hula mezani pake. Nimemkanya mara mbili, kwa lugha nzuri, na hakuna kilichobadilika.

Miezi minne baadaye, katika kilio cha rafiki wa pamoja, mwanamke mzee aliyeketi kando yangu aliniuliza kama si mimi yule shemeji wa jirani yake. Alikuwa mama Ngalula. Nilijiandaa kwa lawama.

"Kale kambwa," aliniuliza, "iko kazima?"

Nikamjibu kwamba yuko hai, kwa Mwaba.

Akashukuru Mungu. Kisha akanieleza kwamba kwa miaka mitatu, kila alasiri, alikuwa akimpitishia mkate katika tundu la maji, na kwa kuwa hakutaka kumwita kwa tusi lile, alimwita Kalume. Akasema kuna mzee mmoja aliyekuwa akiketi pale siku tatu, mgongo kwa mbwa, sikio kwenye tundu. Mama alimsihi mzee huyo asimwambie mtu, tundu lisije likazibwa.