Kivuli Juu ya Majamvi

Juzi nilikuwa ofisini kwa sheha, Mtambile, nikisubiri mhuri. Akaingia mama mmoja, na nyuma yake jirani yake anayejenga nyumba ya ghorofa.

"Sheha, ukuta wake umenibana mpakani," alisema mama. "Kivuli kimefunika majamvi yangu. Karafuu zangu zitavunda."

Sheha alikuwa ameshakwenda kupima. "Bi mkubwa, ukuta uko kwake, na nafasi kaacha."

Jirani akasogea. "Shoga yangu, kule juu nimeshamwaga zege. Njoo uanike kwangu, jua kutwa."

Mama akavuta ushungi wake. "Nipande kwako na pakacha langu, wapita njia wanione?"

"Sasa wataka nini?" aliuliza sheha.

"Aishie hapo hapo. Ghorofa ya nini, mtu mwenyewe ana mtoto mmoja?"

Jirani alianza kucheka, akaacha.

Sheha ana kamba ya kupimia mpaka, na kamba ilishasema. Yaliyobaki hayapimiki kwa kamba.

Jioni nilipita kwao. Majamvi yalikuwa kivulini, karafuu bado mbichi. Mama ameketi kando yake, anawatazama mafundi wakipandisha tofali.