Jicho Langu Kule Khwisero

Mimi sikusoma. Niliachia darasa la nne, na sijawahi kuona haya kwa hilo, maana wale niliowaacha darasani leo wananiamkia kwa mikono miwili. Nilianza na panga, nikikata miwa ya watu huku mgongo ukiwaka. Ilipofika katikati ya miaka ya tisini nilikuwa na trekta zangu mwenyewe zikivuta miwa kwenda kiwandani, na nyumba ya matofali mjini Kakamega, choo ndani. Hakuna mtu aliyenishika mkono. Nayasema haya mwanzoni ili mjue ni mtu wa namna gani aliyekwenda kuinamishwa kichwa na mama mkwe wake.

Macho ndiyo yaliyoniangusha. Nilifika mahali nikawa sijui kama trekta inayokuja ni yangu au ya mtu mwingine mpaka ipite mbele yangu. Daktari wa macho kule Nairobi akanipima, akasema nivae miwani. Nikamwambia miwani sivai. Dereva akiona tajiri wake amevaa miwani, anajua kuna kitu tajiri haoni, na siku hiyohiyo dizeli inaanza kupungua kwenye tangi. Daktari akatabasamu, akafungua kichupa, akanionyesha kitu chembamba kama gamba la samaki mdogo, laini, kinaelea majini. Lenzi. Unaibandika juu ya mboni, unaona, na hakuna anayejua. Nikasema hiyo ndiyo yangu.

Leo vijana wanavaa lenzi kama wanavaa pete. Wakati ule, na kazi ile, ilikuwa adhabu. Miwa ikichomwa kabla ya kukatwa, majivu meusi yanaruka juu na kushuka taratibu, na kila kipande kinatafuta jicho langu. Barabara zote ni vumbi. Ikifika alasiri kope zinakwaruza kila ukipepesa, kama mtu anakupiga msasa ndani kwa ndani. Unataka kusugua, na kusugua ndilo jambo la kwanza ulilokatazwa. Nilikuwa nasimama kwenye mzani wa miwa nikiongea na watu kwa sauti yangu ya kawaida, huku moyoni namtukana daktari na ukoo wake.

Nafuu ilikuwapo, lakini iliandikwa Kiingereza, kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi. Mke wangu ndiye aliyenisomea. Yeye alimaliza kidato cha nne. Osha mikono kwa sabuni, ikauke. Maji ya bomba hapana, tumia dawa yake ya chupa. Usilale nazo. Jicho likiwa jekundu, zitoe, liache lipumue. Jioni nilikuwa nalaza kichwa mapajani pake, ananidondoshea dawa, kisha ananifunika macho kwa kitambaa chenye maji baridi na kunikataza kuongea. Mimi ambaye siambiwi nyamaza na mtu yeyote wilayani, nilikuwa nanyamaza.

Sasa, alasiri moja nilirudi macho yakiwaka moto. Nikatoa lenzi nikazitia kwenye glasi ya maji dirishani. Kikopo cha lenzi kilikuwapo, lakini mimi nikichoka sitafuti vikopo nyumbani kwangu mwenyewe. Mke wangu akaja kukusanya vyombo, akaimwaga ile glasi nje ya dirisha.

Nilimpa chekeche ya unga. Nikamwambia achunge udongo wote wa chini ya dirisha mpaka azione. Akapiga magoti pale, jua likimpiga shingoni, akichota udongo kwa viganja, akichunga, akitazama, akimwaga. Madereva wangu walikuwa wameegemea trekta. Mmoja akasema, "Mama, hiyo pembe umeiruka." Wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wao. Mwalimu mmoja jirani alikuja baadaye kuniambia mambo hayo si mazuri. Nikamwuliza yeye ana trekta ngapi.

Lenzi hazikuonekana. Kesho yake mke naye hakuonekana. Alikuwa amerudi kwao Khwisero.

Sikumfuata haraka. Mwanamume akimfuata mke mbio, huko mbele atafuata kila kitu mbio. Nikanunua lenzi nyingine. Lakini chupa ya dawa ilipoisha nikawa naziosha kwa maji ya chumvi niliyochemsha mwenyewe, kwa kukisia, na siku nyingine nililala nazo. Macho yakawa mekundu kama ya mlevi wa chang'aa. Asubuhi kope zimegandana, nazibandua kwa vidole. Watu wa mzani wakaanza kunong'ona kwamba mke ameniachia kitu. Ndipo nilipomchukua baba mdogo, ndugu ya marehemu baba yangu, mtu anayejua maneno ya wakwe, tukapanda pikapu yangu Jumapili kwenda kumrudisha.

Lazima nieleze jambo kwa wasio wa kwetu. Kwetu mkwe na mama mkwe wanaogopana. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Miaka yote ya ndoa yangu nilimjua mama yule kwa kisogo na kwa sauti tu. Nikiingia uani, yeye ameshajifunika leso na kujitia jikoni. Hiyo ni heshima, na heshima hiyo ndiyo inayoshika ndoa isianguke. Na mama yule alikuwa na kipawa. Mtu akiingiwa na kitu jichoni, kapi la mtama, punje ya saruji, mdudu, alipelekwa kwake. Alikuwa anasukutua mdomo kwa maji ya chumvi, anafunua kope, anapitisha ulimi, anatema kile kitu kiganjani. Watu walitoka hata Bukura kuja kulambwa macho.

Tulipokelewa na shemeji, kaka mkubwa wa mke wangu. Alikuwa seremala, na ndiye aliyekuwa mwenye boma tangu baba yao afe. Akanitazama usoni kwa muda.

"Macho hayo, shemeji," akasema. "Ndiyo kusema ulikuwa unamlilia dada yetu?"

"Ni vumbi," nikasema.

"Hata huku vumbi iko, na yetu ni meupe."

Mlangoni mwa jikoni palikuwa na kuku amefungwa mguu. Nilipomwona nikatulia. Kuku akifungwa, mkwe atakula, na mkwe akila, mke anarudi. Baba mdogo naye alimwona. Akakaa vizuri kitini, akakohoa, akaanza maneno yake marefu, na moshi wa kuni mbichi ukawa unatoka jikoni na kuingia moja kwa moja mpaka tulipoketi. Alikuwa amefika mahali pa kusema kijana wetu ana hasira lakini mkono wake si mfupi, jicho langu la kulia likachoma kama limetiwa kijinga cha moto. Nikasahau yote niliyosomewa. Nikalisugua kwa ngumi, kama mtoto anayetoka usingizini.

Lenzi ikajikunja, ikapanda, ikaingia chini ya kope ya juu, ikakaa huko.

Nimewahi kujikata panga mguuni nikaendelea na mstari wangu wa miwa mpaka mwisho. Gurudumu la trela limenikanyaga kidole na sikutoa sauti. Siku ile nilisimama katikati ya nyumba ya wakwe nikazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa.

"Ana nini huyu?" shemeji akauliza.

Baba mdogo hakuwa na habari za lenzi. Ikanibidi niseme mwenyewe kwamba ninavaa kioo ndani ya jicho, na kimepotea humohumo. Shemeji akaegemea ukuta, akacheka mpaka akashika magoti.

"Mtu akitia dirisha kwa jicho," akasema, "si atie na pazia?"

Nikaomba maji. Nikalimwagia jicho karai zima. Nikavuta kope, nikatazama juu, nikatazama chini, nikainama kichwa kikaning'inia. Kila nikipepesa ilikuwa kama ukucha unageuka mle ndani. Zahanati haifunguliwi Jumapili. Kurudi Kakamega, dereva ni mimi, na sikuwa naona hata vidole vyangu, maana jicho la kushoto nalo lilikuwa likimlilia mwenzake.

Ndipo sauti ikatoka jikoni, nyuma ya ukuta wa udongo. Haikusema na mimi. Mama mkwe hasemi na mkwe.

"Muulizeni mgeni wenu, hicho kioo ni kama kile alichomchungisha binti yangu udongo?"

Shemeji akanigeukia. "Mama anauliza."

"Nimesikia. Mwambie ndiyo."

"Mama, anasema ndiyo."

"Mwambieni naweza kukitoa."

Baba mdogo aliruka kutoka kitini. "Hapana, mama. Mkwe? Na ulimi? Tangu tuzaliwe hatujasikia kitu kama hicho. Labda tulete mbuzi kwanza, wazee wakae, watakase…"

"Mbuzi sitaki." Sauti ilikuwa tulivu, kama ya mtu anayechambua mboga. "Nikimlamba mtu jicho hivi, huyo nimemzaa. Na mtoto wangu hamwoi mtoto wangu. Achague. Kama anataka mke, mke yuko hapa, amefunga nguo zake tangu asubuhi, na kuku yuko hapa. Ale, amchukue, aende na kioo chake. Kama anataka jicho, aseme nitoke. Na asichelewe, kuni zangu zinaisha."

Baba mdogo akanishika bega akaninong'oneza. "Jikaze. Mke aingie garini kwanza. Jicho litangoja."

"Na gari ataendesha nani?"

"Tutakaa barabarani mpaka Mungu ajue. Jikaze, wewe si mwanamume?"

Nikajikaza. Nikauma meno, nikashika ukingo wa meza. Mke wangu akawa ametoka, amesimama mlangoni na mzigo wake. Sikuuona uso wake, niliona rangi ya gauni tu, ya kijani, niliyomnunulia mimi. Nilijua anangoja kusikia. Nilikuwa na neno "twende" mdomoni, tayari kabisa, nikapepesa macho mara moja.

"Jicho," nikasema.

Wapo waliolisikia jambo hili wakaniona sina utu. Anayetaka kunihukumu na atie kipande cha ukucha chini ya kope yake kwanza, akae nacho, kisha tuongee. Jicho huwezi kulitolea mahari ukaletewa jingine. Mke, nilioa mwingine kabla mvua ndefu hazijaanza, tena mdogo.

Mke wangu aliweka mzigo wake chini. Ndiye aliyeleta maji ya chumvi. Ndiye aliyenishika kichwa kwa nyuma.

"Inua uso," akasema. "Usiongee."

Mama akatoka jikoni bila leso. Nilisikia akisukutua na kutema. Vidole vyake vilinuka moshi. Akafunua kope yangu kama anafunua ganda la harage, akapitisha ulimi, mara moja, wa moto na mkwaruzo, na kitu kikabanduka. Baridi iliyoingia jichoni mwangu saa ile sijui niilinganishe na nini. Ningemkubalia jambo lolote.

Akatema kiganjani, akakitazama kile kitu, kimejikunja kama ngozi ya kitunguu, akamwonyesha mwanawe.

"Ndiyo hii?" shemeji akasema. Hakuwa anacheka tena. "Dada yangu, kwa hii?"

Mama akapangusa kiganja ukutani. Lenzi ikabaki imenata kwenye udongo.

"Mfungulie huyo kuku," akasema. "Leo hapa hakuna mkwe."

Kuku akaenda zake. Mimi nikaletewa obusuma, ugali wa kwetu, na murere, ile mboga ya kuteleza, chakula cha mtu wa nyumbani. Mama akaketi mbele yangu, goti kwa goti, akakata tonge kwenye sahani ileile yangu. "Kula, mwanangu," akasema, na akanitazama usoni. Nikamtazama na mimi, nifanye nini. Ulikuwa uso wa mke wangu, umezeeka, na hauna haraka. Kila nikiinamisha kichwa alikuwa ananiita, "Mwanangu, mbona huli?" mpaka nikiinue. Baba mdogo alikataa chakula. Alikaa ametupa mgongo, akatazama mlango.

"Na ng'ombe zetu?" akauliza mwishoni, bila kugeuka.

"Mtoto hudai ng'ombe kwao?" shemeji akamjibu.

Tulipoondoka mke wangu alitusindikiza hadi kwenye pikapu, kama mgeni anavyosindikizwa. Jicho la kulia lilikuwa limevimba lakini limetulia, la kushoto lilikuwa bado na lenzi yake, kwa hiyo njia nilikuwa naiona. Nilifungua mlango wa upande wa abiria nikauacha wazi. Yeye akamsaidia baba mdogo kupanda, akamwekea miguu vizuri, akaufunga mlango taratibu kwa mikono miwili.

"Nenda polepole, kaka," akaniambia.

Nikawasha gari. Niliendesha kwa jicho moja mpaka Kakamega, na sikugonga kitu.