Siku Mama Tumaini Alipomshika Mama

Wenzangu mliokulia kando ya barabara kuu pale Nyololo, mtaukumbuka ukungu wa mwezi wa sita. Ukitoka nje asubuhi humwoni mbuzi uliyemfunga mwenyewe jana yake. Shuleni tulikwenda na sweta zilizotoboka viwiko, visigino vimepasuka kwa baridi, na mfukoni kila mtoto ana kiazi cha moto. Kiazi kile kwanza kilikuwa cha kushika njiani, mikono ipate joto. Ukifika darasani ndipo unakila, kimeshapoa na kimenasa nyuzi za mfukoni. Mapumziko tulivamia mapichi ya watu yangali mabichi, yanatia meno ganzi, na hakuna aliyengoja yaive. Ukingoja, mwenzako anakula.

Kwetu tulikuwa watoto wanne. Wa kwanza alikuwa dada Veronika, ambaye mtaa mzima ulimwita Vero. Nikafuata mimi, Anjela, kisha wadogo zangu Festo na Kristina. Vero alikuwa na miaka kumi na mitano, mrefu, ana mikono mirefu iliyomfanya awe hatari kwenye rede. Mpira wetu wa nailoni na soksi ukitoka mkononi mwake, ulikuwa unakuacha na alama mgongoni. Akishakupiga, anakuja kukusugua palepale alipokupiga, huku anacheka. Mwaka ninaousimulia alikuwa amemaliza darasa la saba na anasubiri matokeo.

Mwaka huohuo umeme ulifika mtaani kwetu. Wanangu nikiwaambia kwamba watu walitoka nje kushangilia balbu, wananitazama kama ninayewasimulia habari za mizimu. Lakini tulitoka. Baba yetu alikuwa seremala, na yeye umeme ulimkosesha usingizi kwa furaha. Mafundi walituwekea taa ndani ya nyumba, na kisanduku cha mein swichi juu ya mlango wa sebule. Siku hiyohiyo baba alitupanga mstari mbele ya kile kisanduku akasema, "Mkono nitakaouona hapa, nitauchapa mpaka usahau kushika kijiko." Alichokipenda baba, alikilinda hivyo.

Nyuma ya nyumba palikuwa na banda la mabati. Nusu yake mama alipikia, nusu nyingine ilikuwa karakana ya baba, imejaa maranda ya misonobari yenye harufu ambayo hadi leo nikipita kwa maseremala inanisimamisha. Baba alitaka taa kule pia. Hakumwita fundi. Alivuta waya mwenyewe kutoka ndani ya nyumba, akaupitisha juu ya bati la banda, akaufunga kwa vipande vya mpira wa tairi la baiskeli. Balbu ikawaka. Mama alipika chapati siku ile kama sikukuu.

Kiangazi kile chote upepo ulikuwa unauchezesha ule waya juu ya ukingo wa bati. Hakuna aliyepanda kutazama.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo ninapojishtaki. Tulijua. Tuligundua sisi watoto kwamba ukisimama peku na kuligusa bati la banda kwa mgongo wa kidole, linatekenya. Tukaufanya mchezo. Tuliuita kumsalimia bwana umeme. Tulijipanga, kila mmoja anaweka kidole, na anayekitoa wa kwanza ameshindwa. Vero ndiye alikuwa bingwa wetu. Angeweza kuweka kidole pale huku anaimba ubeti mzima wa kwaya, sauti inamtetemeka, sisi tumekaa chini tunacheka mpaka machozi.

Kulikuwa na mambo mengine pia, na hayo wakubwa waliyaona. Fyuzi ilikuwa inakatika, ikarudishwa, ikakatika tena, mpaka baba akachoka akafunga waya mnene wa shaba mahali pake, nayo haikukatika tena. Taa ya banda ilikuwa inafifia na kurudi. Pakitoka jua kali baada ya manyunyu, ilisikika harufu kama ya ndoo ya plastiki iliyowekwa karibu na moto. Kuku wawili walikutwa wamekufa chini ya kamba ya kuanikia nguo, ambayo kwetu ilikuwa waya wa chuma, umefungwa kwenye msumari wa bati la banda na kuvutwa hadi kwenye nguzo ya mti wa mlingoti. Mama aliwatazama wale kuku akasema ni ugonjwa wa kideri, akawafukia.

Mvua za kwanza zilinyesha mwezi wa kumi na mbili, Ijumaa kutwa. Jumamosi asubuhi zikakatika, Vero akasema tufue kabla hazijarudi. Tulifua mimi na yeye, peku, kwenye tope. Mama alikuwa amekaa mlangoni pa banda anamenya viazi, Festo na Kristina wako upande wa barabarani, baba amekwenda kufunga milango kwenye nyumba ya mtu. Vero alikamua shuka, akalirusha begani, akainua mkono kushika ule waya wa kuanikia ili auvute chini.

Hakulia. Watu hudhani mtu akipigwa na umeme hulia. Alisimama tu, mkono umekaza juu, mwili unatetemeka kidogokidogo, macho ananitazama mimi. Na mimi nilicheka. Nilidhani anatufanyia ule mchezo.

Mama alipoinua uso, alielewa kabla yangu. Bakuli la viazi lilimwagika. Alikimbia mikono imenyooka mbele, na alikuwa amebakiza hatua mbili amfikie, jirani yetu Mama Tumaini akamkumba kutoka nyuma.

Mama Tumaini alikuwa mjane, kiwanja chake kimepakana na chetu, na kati yetu palikuwa na mstari wa maua tu. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha chai huko Mufindi, na kule walifundishwa mambo ya mashine. Alimkumbatia mama kiunoni, wakaanguka wote wawili kwenye tope.

"Usimguse, Mama Vero. Ni umeme. Ukimgusa unakamatwa na wewe."

"Niachie. Niachie mwanangu."

"Sikuachii. Anje, kimbia, zima mein swichi. Kimbia."

Nilikimbia. Nilivuta kigoda cha baba, nikapanda, nikafika kwenye kile kisanduku, na mkono wangu ukasimama hewani. Nilikuwa na miaka kumi, na nilikuwa nimeambiwa nisikiguse. Nilisimama hivyo kwa muda wa kuvuta pumzi mara mbili, labda tatu. Nimezihesabu pumzi hizo maisha yangu yote. Kisha nikakivuta kile kishikio chini kwa mikono miwili.

Niliporudi nje, Vero alikuwa amelala chali, shuka limemfunika nusu. Mama Tumaini alikuwa bado amemkalia mama. Aliniuliza, "Umezima?" Nikaitika. Hata hivyo alichukua kwanza ubao mkavu kutoka karakana ya baba, akausukuma ule waya wa nguo mbali na mkono wa Vero, ndipo akamgusa. Akamwinua kidevu, akasikiliza puani, akaweka viganja vyake katikati ya kifua akaanza kukandamiza, anahesabu kwa sauti. Jasho lilikuwa linamtiririka na asubuhi ile ilikuwa ya baridi. Akichoka anasema, "Vero, mama, rudi," kisha anaendelea kuhesabu kutoka alipoishia.

Mtaa ulikuwa umeshajaa. Mtu alisimamisha fuso la mbao barabarani, wakampakia Vero juu ya mbao mbichi, mama amekaa na miguu ya mwanawe mapajani, ameifunga kwa kanga ipate joto. Mama Tumaini alipanda pia na kuendelea kukandamiza njia nzima. Hospitalini daktari alimpokea, akafanya alivyoweza, kisha akatoka akasema polepole kwamba tumechelewa.

Baba alirudi akakuta watu wengi nyumbani. Siku iliyofuata mazishi alipanda juu ya banda, akaushusha ule waya wa umeme. Nilikuwa nimesimama chini. Alinionyesha pale ulipochubuka kwenye ukingo wa bati, shaba inang'aa, padogo kama ukucha wangu. Alikuwa anaukunja mkononi kama anayekunja kamba ya mbuzi.

Nikamwambia, "Baba, sisi tulikuwa tunajua. Bati lilikuwa linatutekenya."

Alikunja mizunguko kadhaa. Kisha akasema, "Ninyi mlijua mchezo, Anje. Mimi nilijua waya."

Hakuniambia zaidi ya hapo, wala hakuwahi kunilaumu. Lakini aliomba watu wa umeme waje kukata, na nyumba yetu ikarudi kwenye koroboi kwa miaka sita, majirani wote wakiwa na mwanga. Matokeo ya darasa la saba yalitoka Vero ameshazikwa. Alikuwa amechaguliwa kwenda sekondari. Mwalimu mkuu alileta ile barua mwenyewe, akaketi kidogo, akashindwa kuisoma.

Nilidhani mama atamshukuru Mama Tumaini. Haikuwa hivyo. Kanisani mama alihama benchi. Kwenda kisimani alizunguka kwa nyuma ili asipite mbele ya mlango wake. Mama Tumaini akisema "Kamwene, Mama Vero," mama alijibu "Kamwene" akiwa ameangalia chini, na neno la pili halikufuata. Siku moja tu nilimsikia akimwambia shangazi jikoni, "Alinishika mwanangu akiungua mbele yangu. Hatua mbili." Shangazi alijaribu kumweleza, mama akainuka akaenda kuteka maji, na ndoo zilikuwa zimejaa.

Mama Tumaini hakuacha kusalimia. Miaka kumi na minne alisalimia hivyo.

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza nilirudi Nyololo kukaa uzazi kwa mama, kama desturi ilivyo. Wiki ya pili, asubuhi, Mama Tumaini alivuka ule mstari wa maua akiwa na mzigo wa kuni kichwani na maboga mawili kwenye kapu. Alikuwa ameshazeeka, mgongo umeinama. Aliutua mzigo uani, akasema kamwene, akageuka aondoke. Mama alikuwa anamwogesha mtoto kwenye beseni. Festo, aliyekuwa kijana sasa, alikuwa anapasua kuni, Kristina anafua.

Mama akasema, bila kuinua uso, "Siku ile ungeniacha."

Mama Tumaini alisimama. Akajibu, "Ningekuacha, ningewazika wawili."

"Najua. Nilijua tangu siku ileile. Kila nikiwatazama hawa watatu wananiita mama, najua." Akamtoa mtoto majini, akamfunika. "Ndiyo maana nilishindwa kukutazama. Ningekushukuruje? Ningesema ahsante kwa kunizuia nisimfikie Vero?"

 Mama Tumaini alikuwa analia bila sauti, anajifuta kwa ncha ya kitenge. Mama aliinuka na yule mtoto, akatembea mpaka alipo, akamwekea mikononi. "Mshike," akasema. Wakaketi kwenye gogo, wakakaa pale mpaka uji wangu ukapoa, na hakuna aliyekumbuka kuniletea.

Wote wawili wametangulia sasa, na baba pia. Mimi ninaishi Mbalizi, na muuza mboga wa Kinyakyusa sokoni ananisalimia "ugonile" nami nimejifunza kuitika. Nyumba yangu nimeikagua mpaka mafundi wananicheka. Kuna breka inayojikata yenyewe, kuna waya wa ardhini, na kamba ya nguo ni ya nailoni, haigusi bati. Wanangu niliwafundisha mein swichi kabla ya kuwafundisha kuhesabu. Ukiona taa inafifia, sema. Ukisikia harufu ya kuungua, sema. Ukitekenywa na chochote, bomba au friji, usirudie kugusa, niite. Mwenzako akinaswa, zima kwanza, hata kama unampenda kiasi gani. Wanaitika "sawa mama" macho yako kwenye simu, na simu yenyewe iko kwenye chaji chini ya mto, na ekstensheni moja imebeba pasi, redio na chaja nne. Nikichomoa wanaangaliana. "Mama ameanza." Kizazi hiki kinajua kila kitu, ila hakijui kwa nini mama yao anasimama uani kila mvua ya kwanza inaponyesha.

Siwalaumu. Sisi tulikuwa wajinga wa umeme, na ujinga wetu ulituchukulia Vero. Nisingependa mtoto yeyote arudishwe kule.

Lakini kuna jambo moja la enzi zile ambalo mafundi hawajaniletea. Siku hizi nyumba yangu ina ukuta mrefu wenye vipande vya chupa juu, na geti la chuma ambalo tunalifunga hata mchana. Jirani wa kulia ninamjua kwa honi ya gari lake. Wa kushoto nimemwona mara mbili, na mara zote mbili alikuwa anawahi mahali. Majuzi nilikuwa ninafua peke yangu, watoto wako shuleni, nikaacha kukamua nikasikiliza. Nilisikia majenereta, redio, pikipiki za njia ya Tunduma. Nikajiuliza, siku nitakayokimbia mikono imenyooka mbele, ni nani atakayenisikia, na atapita wapi ili aje anishike.