Robota la Nyanjige

Kabla ya mitumba, Nyanjige binti Mwandu alikuwa mtu wa jembe na pamba kama wenzake wote wa Sola. Mumewe alipofariki, ndugu wa marehemu waligawana ng'ombe, naye akahamia Bariadi mjini na binti yake Nyamizi. Ndiyo kwanza serikali ilikuwa imefungulia biashara huria. Watu waliozoea kupanga foleni kwenye duka la ushirika wakingojea kaniki walianza kuona marobota ya nguo za Ulaya yakishushwa kwenye treni stesheni ya Malampaka. Nyanjige, ambaye hakuogopa kusafiri juu ya lori amekalia mzigo, akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza kuyafuata.

Kuuza alikujua. Mkulima akifika na baiskeli yake, Nyanjige alimwamkia kwa Kisukuma, akamuuliza habari za mvua na za mifugo, na nguo zikaja mwisho kabisa, kama jambo lililokumbukwa njiani. Ni wachache walioondoka mikono mitupu.

Aliyeumia ni Kristofa, diwani wao. Zamani alikuwa karani wa ghala la ushirika. Sasa alikuwa na duka la vitambaa vipya barabara kuu, lenye kibaraza cha saruji kilichotokeza mbele, na vitambaa vyake vilishika vumbi. Mwaka huo baraza la madiwani likapitisha sheria ndogo: nguo zilizovaliwa zisiuzwe sokoni wala penye mikusanyiko, na wauzaji wahamie ng'ambo ya mto, mahali pa matope pasipopita mtu. Ilisemwa kuwa ni kwa ajili ya afya ya wananchi.

Katika mkutano wa kata Nyanjige alisimama akauliza ni muuza mitumba gani aliyeitwa akasikilizwa kabla sheria haijapitishwa. Kristofa alitabasamu.

"Mama, soko huria si soko holela," alisema. "Ukitaka kutunga sheria, kasome kwanza."

Watu walicheka, hata baadhi ya wauzaji wenzake. Nyanjige aliketi, lakini kicheko kile hakikumtoka masikioni.

Pamba ilipokwisha kuuzwa, ukafika wakati wa ngoma. Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana kuvuta watazamaji, walipiga kambi uwanjani, kila upande na dawa zake na manju wake, kiongozi wa nyimbo, na vijiji vyote vikamiminika mjini. Kwa mfanyabiashara mdogo, siku zile ndizo zilizobeba mwaka mzima. Nyamizi alikuwa amechaguliwa kwenda sekondari ya bweni, na mama yake alitegemea ngoma ile impeleke. Akafungua robota pembeni ya uwanja, akatandika turubai. Koti moja la kijani alilitenga kwa ajili ya binti yake. Lilikosa kifungo, akalishonea kingine cheusi, hapo hapo, huku akiuza.

Mgambo walifika kabla jua halijawa kali. Walikunja turubai na kila kilichokuwa juu yake wakapakia kwenye gari la halmashauri. Nyanjige aliwafuata akiwasihi, mwisho akaanguka. Ngoma haikusimama.

Nyamizi hakwenda shule. Mwaka uliofuata aliolewa Maswa, angali mdogo, na mama yake aliwapokea wakwe.

Ikawa Jumapili moja kanisani, Elizabeti, mke wa Kristofa, akapita mbele kupokea komunyo. Alivaa koti la kijani. Vifungo vyote vilikuwa vya kahawia isipokuwa kimoja cheusi. Nyanjige aliyekuwa nyuma yake kwenye mstari alirudi akakaa. Hakupokea siku hiyo, wala Jumapili nyingi zilizofuata, kwa maana alijua alichokuwa amekibeba moyoni na hakutaka kukitua.

Alimwendea Mhoja, manju wa Bagalu, mtu ambaye wimbo wake ukikutaja hulali. Alimweleza yote, kisha akamwambia kwamba kikundi chake kizima atakivika. Miezi mingi, kila robota alilolifungua kwa siri nyumbani, alichambua mashati mekundu akayaweka kando.

Msimu wa ngoma uliangukia karibu na uchaguzi wa madiwani, wa kwanza wenye vyama vingi. Kristofa ndiye aliyekuwa mgeni rasmi. Bagalu waliingia wamewaka wekundu kuanzia mwanzo wa mstari hadi mwisho, na uwanja ukawahama Bagika papo hapo. Ndipo Mhoja alipoanza. Aliimba juu ya mwindaji aliyewakataza wengine kuwinda, akasema nyama ni mbaya, ina ugonjwa. Na jioni mke wake akaonekana amevaa ngozi. Jina hakulitaja. Umati ulipokea kiitikio, ukakirudia, ukageukia jukwaani. Elizabeti, aliyeketi kando ya mumewe, alijifunika kanga usoni. Kristofa aliondoka kabla hajahutubia, na watoto waliuimba wimbo ule nyuma ya gari lake.

Aliyeshinda uchaguzi ni Marcelo, fundi baiskeli wa chama kipya. Haukupita muda mrefu, wauza mitumba wakarudishwa sokoni. Wenzake walimchinjia Nyanjige mbuzi, wakamwita mama wa soko. Alikula nao, kisha akaenda kwa Marcelo kumkumbusha kwamba ipo sheria nyingine ya zamani, inayokataza majengo kuingia katika eneo la barabara, na kwamba kibaraza cha Kristofa kiliingia.

"Mayu, tumeshinda," Marcelo alimwambia taratibu, akimwita mama kwa Kisukuma. "Inatosha."

"Sikukupigia kura uje unipimie cha kunitosha."

Marcelo alimtazama, akainamisha kichwa. Alijua nani aliyempa kiti.

Mgambo waliotumwa walikuwa wale wale. Nyanjige alifunga meza yake akaja kusimama ng'ambo ya barabara, akila karanga, akatazama nyundo zikifanya kazi. Nusu ya ukuta wa mbele iliondoka na kibaraza. Kristofa alikaa juu ya kreti. Elizabeti, aliyekuwa akitoa majora ya vitambaa ndani, alivuka barabara na vumbi usoni.

"Mayu Nyanjige, watoto wangu walikukosea nini?"

"Na wangu?" alijibu Nyanjige.

Elizabeti alirudi kwenye majora yake. Duka lile halikufunguliwa. Kristofa aliliuza likiwa gofu, akarudi kulima mpunga kwao.

Nyanjige alidumu sokoni miaka mingi, akawa na meza tatu na wasichana wa kumsaidia. Waliomuuliza kama hajuti aliwajibu kwamba angekuwa na nguvu zaidi, angefanya zaidi. Kristofa alikuja mjini Pasaka moja, amezeeka, akaketi kanisani benchi moja naye. Padri aliposema watu wapeane amani, mzee alimgeukia akamnyooshea mkono mbele ya watu wote. Nyanjige aliutazama mkono ule, akakunja mikono yake kifuani, akaendelea kuimba na kwaya.