Kompyuta ya Mama Zuhura na Wimbo wa Watu wa Zagayu

Mtanisamehe kwanza kwa mwandiko huu unaopanda na kushuka, na kwa herufi nitakazoziruka, maana niliishia darasa la saba na mkono wangu ni mzito, barua ya ukurasa mmoja hunichukua mchana mzima. Ila jambo lenyewe siwezi kulisema kwa mdomo. Mimi ni mtu wa aibu, wakinitazama watu watatu tu maneno yananikauka, na siku ile nilitazamwa na uwanja mzima wa mnada, wengine wakicheka mpaka wanaketi chini. Kwa hiyo naandika.

Nilikuwa kazini kwa Mama Zuhura, hapa Bariadi mjini, jirani na stendi. Zamani aliuza vitenge na sabuni, lakini biashara zilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wa pamba wakajaa mjini, kila mmoja akitaka barua zake zichapwe, akanunua kompyuta. Kuitumia nilijifunza kwa kutazama. Tulichapa barua, tukatoa nakala, tukanakili na CD za nyimbo, na hizo CD ndizo zilizoniponza.

Siku moja akaja kijana wa Zagayu anaitwa Nkwabi, mcheza ngoma, mwenye maneno mengi kuliko mimi mara kumi. Alikuwa na CD ya kundi lao, imebandikwa picha ya manju wao, yaani kiongozi na mtunzi wao wa nyimbo, akiwa na manyoya kichwani na mdomo wazi. Nikaiingiza kwenye mashine, mara kikatokea kidirisha kimeandikwa Kiingereza, kinauliza kitu. Sikuelewa hata neno moja. Ningeweza kumwuliza Mama Zuhura, lakini alikuwa anaongea na mteja mwingine, nikaona aibu kumkatiza (na aibu zaidi kuonekana sielewi), nikabonyeza kukubali. Kikauliza tena, nikakubali tena. Nikamnakilia nyimbo zake kwenye flashi, nikampa na kava la CD yake, akaondoka anapiga mluzi.

Kesho yake nilipowasha kompyuta ikaimba. Kabla hata haijatulia ikatoa wimbo wa watu wa Zagayu, na yule manju akatokea kwenye kioo anaruka. Nikaifunga. Nikaiona alama yake ndogo pale mbele, nikaiburuta mpaka kwenye kapu la takataka, nikajipongeza. Siku iliyofuata akaruka tena.

Sasa mtaniuliza, wimbo tu una ubaya gani? Ubaya ni kwamba manju wa kundi la upande wetu ni mjomba wangu, Mzee Limbu, na kundi lake na hilo la Zagayu hayaivi chungu kimoja. Na wimbo wenyewe ulimtaja. Ulisema miguu ya Limbu imekuwa kama ya kuku aliyefungwa kamba. Mjomba ndiye aliyenilea, na mashine ninayoishika mimi kila asubuhi inamwita kuku.

Nikamwuliza karani mmoja wa pamba, mteja wetu. Akacheka, akaniambia kuna programu zinazoamka pamoja na mashine bila kuitwa, dawa yake ni kuandika neno fulani kwenye kisanduku, inafunguka orodha ya zote, unaondoa tiki kwa ile usiyoitaka. Nikafanya hivyo, polepole, jasho linanitoka. Nikaipata, nikaitoa tiki. Nilitaka kuzima na kuwasha nione, umeme ukakatika (mnaijua Bariadi), na uliporudi nikaambiwa mashine inapakiwa kwenye gari.

Maana siku ile ndiyo ilikuwa siku ya mashindano. Kwa wasiojua ngoma zetu: makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake wa uwanja, na mshindi ni yule atakayekuwa amezungukwa na watu wengi jua likizama. Basi. Ndiyo sababu kila manju ana dawa yake ya kuvuta watu, na ndiyo sababu mjomba, akitaka kuwapita wa Zagayu kwa mambo ya kisasa, aliazima kompyuta ya Mama Zuhura, akaazima na jenereta na spika kubwa za mnunuzi mmoja wa pamba, ili wimbo wake mpya usikike mpaka ng'ambo ya mto. Fundi nilikuwa mimi. Alishawatangazia watu, "Mpwa wangu ndiye mwenye mashine."

Watu walijaa upande wetu kwa sababu ya zile spika. Mjomba akaingia katikati na ngozi yake na njuga miguuni, akanyoosha usinga, akaniambia, "Haya, Maduhu, washa."

Nikawasha. Wimbo wa Zagayu ukatoka kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, ng'ombe wa mnadani wakageuza vichwa. Upande wa pili walipiga kelele ya furaha, wakaanza kuucheza, na watu wetu wakaanza kuhama kwenda kuutazama ukichezwa na wenyewe. Nikafungua ile orodha, nikaona tiki imerudi mahali pake. Nikaiondoa, nikazima, nikawasha. Ikaimba tena, ikafika pale pa miguu ya kuku, na mjomba amesimama peke yake katikati na njuga zake. Ningeweza kuchomoa spika tu, lakini akili hiyo nimeipata leo.

Walibaki mabibi wachache waliochoka kutembea. Mjomba akanijia, hakupaza sauti, ndiyo mbaya zaidi.

"Maduhu, Zagayu wamekupa nini?"

"Hawajanipa kitu, mjomba."

"Basi niambie wameingiaje humo."

Nilikuwa na jibu refu la vidirisha na tiki, halikutoka. Mama Zuhura alikuwa amekaa kwenye kiti chake na mwavuli, akasema, "Mzee Limbu, huyo mtoto hana hata ujanja wa kuiba peremende." Lakini nikaona mjomba hajaamini, na nikajua jioni hiyo nyumbani sitakuwa na pa kukaa.

Akachukua kibuyu chake cha dawa, akachovya usinga, akauinua juu ya kompyuta. Nikaona maji. Hapo aibu ilinitoka sijui ilikwenda wapi, nikajirusha nikaikumbatia ile mashine kama mama na mtoto, usinga ukanilowesha mgongo mzima, na kidevu changu kikagonga kitufe kimoja pale mbele.

Mashine ikatoa mlio mdogo, ikatoa ulimi. Juu ya ulimi alikuwa manju wa Zagayu, manyoya kichwani, mdomo wazi.

CD. Nkwabi nilimpa kava tupu, na muda wote yule bwana alikuwa humo ndani, kila nikimwondoa kwenye orodha mashine ikiwaka anajirudisha mwenyewe.

Mjomba hakujua habari za orodha. Akaitoa CD kwa vidole viwili, akaiinua juani ikang'aa, akasema taratibu, "Alikuwa humu. Ametoka."

Bibi mmoja akapiga vigelegele, na uwanja wote ukahama. Walikuja wakikimbia kumwona manju aliyetolewa kwenye mashine kwa usinga, hata Nkwabi alikuja, na mimi nimelala juu ya meza nimelowa wananicheka, wananiita mke wa kompyuta (jina hilo ninalo mpaka sasa). Jua lilizama tumezungukwa hata pa kutema mate hapana.

Siku hizi mwenye duka akiwa na mashine korofi anakwenda kwa Mzee Limbu. Mjomba ananiita, ananyunyizia pembeni kidogo, kisha anasema, "Mke wa kompyuta, ongea nayo." Analipwa kuku, mimi napewa shingo. Ukweli nilimwambia, akasema nyamaza.

Nimeapa kutokubali tena swali nisiloelewa, hata kama aibu itaniua. Nanyi mlionisoma mpaka hapa, kama yamewahi kuwapata ya namna hii, niandikieni. Kusoma kwangu ni polepole kama kuandika, lakini nitasoma zote, na nitajibu. Kwa mdomo tu msiniulize.