Mama Alipoomba Radhi Kengeleni

Wiki jana mdogo wangu wa mwisho, ambaye niliacha shule ili nimlee, alikuja kuniomba radhi kabla ya kwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Nilishtuka, kwa sababu mama naye aliwahi kuniomba radhi.

Alasiri moja, nilipokuwa bado mtoto wa shule, mama alituchukua sisi wanawe watatu hadi Kengeleni, penye kanisa kongwe na baa alikokuwa akipika. Kanisani kulinuka popo na nta. Mama alimwinamia mzee mlinzi.

"Shikamoo, baba. Kama nimekukosea, nisamehe."

Kisha tukavuka barabara hadi kwenye baa, ambako muziki ulikuwa umeshaanza na moshi wa mishkaki ulitujaa puani.

"We Kadzo, ulinimwagia mchuzi kwenye gauni jipya!" mhudumu mmoja akamtania. "Hilo sisamehe ng'o!"

Wakacheka, kisha yule mhudumu akageukia ukuta, akalia.

Mimi nilikuwa nimemwona jirani yetu akiaga hivyo alipokwenda kuhiji, kwa hiyo nikaamini mama anasafiri. Nikawanong'oneza wadogo zangu kwamba tutaletewa zawadi. Sikujua kwamba wagonjwa nao huaga hivyo.

Njia nzima ya kurudi alikuwa akisimama kuvuta pumzi. Mlangoni kwetu akachuchumaa mbele yangu.

"Na wewe, mwanangu, nisamehe."

"Hujanikosea kitu, mama."

"Nitakukosea," akasema, akiwatazama wadogo zangu.

Nikamsamehe upesi, nikamwomba aniletee viatu vya shule.