Baba amehasi madume miaka arobaini, akakataa oparesheni ya tezi dume

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Haya nimeyaona kwa macho yangu nyumbani kwetu Kirua Vunjo, sijaongeza chumvi. Kama unasoma ukiwa na watoto pembeni, usiwe na wasiwasi. Ni mambo ya mwili, hakuna matusi.

Baba yangu ana miaka sabini na mbili. Ana kahawa, migomba na ng'ombe wawili wa maziwa, lakini kijijini wanamjua kwa kazi nyingine. Ndiye anayehasi madume ya ng'ombe.

Ana koleo lake la chuma, lile la kubana mirija juu ya korodani bila kupasua ngozi. Kaya nyingi za huko kwetu zimeshamwita.

Mwaka jana mkojo ulimziba, ukawa hautoki. Tukamshusha Moshi mjini, hospitali wakamwekea mpira wa mkojo na mfuko wake. Baada ya vipimo daktari akasema tezi dume imevimba, inabana njia, inatakiwa oparesheni. Akatuchorea nyuma ya karatasi: kibofu, tezi chini yake, mirija. Kijana mstaarabu, alianza na shikamoo.

Baba alimsikiliza mpaka mwisho.

"Asante, daktari. Sikatwi."

Akasimama, akachukua kofia.

Miezi mitatu akaishi na mpira. Mfuko wa mkojo anauficha ndani ya koti, kanisani anakwenda nao. Homa ya maambukizi ilimlaza mara mbili. Daktari akanipigia simu, akaniambia wazi kwamba tukiendelea hivi tutampoteza.

Tulimbembeleza sana. Mama alilia. Padri alikuja, akanywa chai, akaondoka. Jibu lilikuwa lile lile, na sababu hasemi.

Sasa ikafika kipaimara cha binti wa dada yangu, tukachinja dume. Mchinjaji wa ukoo ni baba mdogo, mdogo wake baba wa tumbo moja. Tulitandika majani ya migomba nyuma ya nyumba, asubuhi. Baba akakaa kwenye kigoda kusimamia, maana nyama kwetu hugawiwa kwa heshima ya mtu na yeye ndiye mkubwa.

Baba mdogo ana mdomo. Akiwa anachuna ngozi akamwambia, "Kaka, huu mfuko utazikwa nao?"

"Nizikwe nao. Nitazikwa dume."

"Nani kasema utazikwa jike?"

Bila kuinua macho, baba akasema, "Hiyo kazi ya hospitali naijua. Nimeifanya miaka arobaini. Dume likishahasiwa linakula, linanenepa, halina neno. Sitaki."

Hapo ndipo nilipoelewa. Miezi mitatu mzee alikuwa anadhani hospitali wanataka kumfanyia kile anachowafanyia ng'ombe.

Mama alikuwa anapita na ndoo. Akasema, "Angalau na wewe ungepunguza maneno," akaendelea na safari yake.

Baba mdogo hakucheka. Alishika mrija mmoja wa lile dume juu ya korodani.

"Huu ndio unaoubana?"

"Ndio huo."

"Unaishia wapi?"

"Unaingia ndani."

"Ndani wapi?"

"Ndani."

Wakuu, miaka arobaini kazi ya baba ilikuwa inaishia kwenye ngozi. Na miaka hiyo hiyo baba mdogo alikuwa anafungua ndani na kutupa vyote vya nyuma ya kibofu akiviita takataka.

Nikakumbuka ule mchoro. Ulikuwa kwenye bahasha ya vipimo, nikaukimbilia.

Tukafuata mrija kwa kidole. Unapanda, unaingia tumboni, unazunguka kibofu kwa nyuma, unakutana na mwenzake kwenye shingo ya kibofu. Pembeni yake kuna vifuko viwili vyenye manundu kama tangawizi, ndivyo vinavyotoa sehemu kubwa ya maji ya uzazi. Karibu na hapo, juu ya njia ya mkojo, kuna kitezi kidogo kama kifungo cha koti.

"Ni hiki," nikasema. "Chako ndicho kimevimba."

Baba akaomba kuongezewa mwanga. Baba mdogo akamwambia jua ndio hilo, hakuna jingine.

Akainama, akaweka kidole gumba kwenye kile kitezi na kunyoosha mkono mpaka kwenye korodani. Shibiri moja haikutosha. Akapima tena.

"Hivi havigusani," akasema.

"Daktari alikuambia," nikamjibu.

"Daktari alisema atakata. Hakusema wapi."

Alisema, wakuu, na mchoro alichora. Lakini sikubishana.

Jumatatu alikuwa wa kwanza kwenye benchi la hospitali. Daktari akamweleza kwamba wanapitia njia ya mkojo, wanakwangua kinachobana, korodani hawazigusi. Na kwa ukweli wake akaongeza kwamba baadaye maji ya uzazi yanaweza kurudi kwenye kibofu badala ya kutoka.

"Yarudi," baba akasema. "Nina watoto saba."

Nilimuuliza daktari kuhusu ng'ombe. Akasema ng'ombe si mtu, ila mpangilio unakaribiana. Tezi ya mtu hukaa imezunguka njia yote ya mkojo, ndiyo maana ikivimba inabana. Ya baba ilikuwa kama limau.

Nilichojifunza ni kwamba mzee akikataa, usikimbilie kusema hana elimu. Baba alikuwa nayo, ilikuwa imeishia nusu ya njia. Nilipoteza miezi mitatu kumhubiria bila kumuuliza anaogopa nini.

Kama kuna mwanaume hapa anakojoa kwa kusukuma au anaamka mara nne usiku kukojoa, nenda ukapimwe. Na wenye wazazi wabishi, nyie mliwashawishije?

Oparesheni ilikwenda salama. Siku ya pili baada ya kutolewa mpira, baba alienda nyuma ya migomba peke yake. Mama alisimama mlangoni na mwiko mkononi, anasikiliza. Tukasubiri wote.

"Anamwaga mkojo," mama akasema, akarudi jikoni.